Miti ya Dawa ya Mwambao wa Ziwa, na Kipimo Chake



Maneno ya hotuba hii yahusu jambo ambalo kila mkazi wa mwambao huu analijua kwa sehemu, wala hakuna alijuaye lote: nguvu iliyomo katika majani, magome na mizizi ya kuua vijidudu viletavyo maradhi. Mtu hana haja ya kupanda mlima ili apate mfano wake. Mfano wa kwanza umo mfukoni mwa kanzu, nao ni mswaki.

Kijiti cha mswaki hutoka katika mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, na Waislamu wamekisugulia meno kwa zaidi ya miaka 1,300 bila ya kungoja mtu wa maabara awaambie kwamba chafaa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo cha Karolinska, nchini Sweden, walitwaa vipande vya mswaki wakaviweka juu ya sahani zilizopandwa bakteria wa kinywani, bila ya kuvigusisha. Aina kadhaa za bakteria hao zilidhoofishwa na mvuke wake tu. Mwaka 2011 watafiti hao wakakitaja kitu chenyewe kwa jina, nacho ni benzili isothiosianati, ndugu wa kile kinachoifanya haradali iwashe ulimi.

Wala si ajabu. Mti hauna miguu ya kumkimbia adui wala mkono wa kumpiga. Mchana na usiku washambuliwa na bakteria, na kuvu, na wadudu, na wanyama walao majani, nao umesimama pale pale. Umejaaliwa silaha za namna nyingine: uchungu, harufu, utomvu, na sumu. Silaha hizo ndizo binadamu azichumazo na kuziita dawa. Yafaa jambo hili likumbukwe tangu sasa, kwa kuwa litarudi mbele: kile kinachouponya mwili ni kile kile kilichotungwa ili kiue.

Rumonge ni mahali pa kukutana. Wako waliotelemka kutoka milima ya Bururi, waliovuka ziwa kutoka Ubwari na Fizi, waliokuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na Wamanyema ambao babu zao walifuata njia za biashara. Kila kabila lilikuja na majani yake, na mengine yalikuwa ni yale yale kwa majina tofauti. Mti ule mchungu ambao Warundi huuita umubirizi, wengine huuita mululuza, na Watongwe wa upande wa Tanzania huuita mjonso. Umuravumba, wenye majani ya manyoya na harufu kali, wajulikana Burundi na Rwanda kwa kikohozi, homa na tumbo. Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Butare nchini Rwanda, walitangaza kwamba wametoa katika majani ya umuravumba kitu kimoja safi ambacho chazuia bakteria na kuvu wa aina kadhaa. Na mwaka 2015 mtafiti wa Burundi, Jérémie Ngezahayo, pamoja na wenzake wa Burundi na Ubelgiji, walichapisha orodha ya mimea ambayo waganga wa Burundi huitumia kwa maradhi ya vijidudu. Mimea hiyo ilizidi 150. Ni hesabu kubwa kwa nchi ndogo.

Walakini kisa kilicho bora kuliko vyote kilitokea kando ya ziwa hili hili, kusini mwa Kigoma, katika milima ya Mahale. Chastahili kuelezwa kwa urefu, maana wengi wa huku hawajakisikia, ingawa wanasayansi wa Japani, Ulaya na Marekani wakisoma hadi leo.

Katika milima hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, nchini Japani, wamekuwa wakiwachunguza sokwe tangu mwaka 1965. Miongoni mwa wenyeji waliofanya kazi pamoja nao alikuwapo mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, aliyekuwa mjuzi wa wanyama na pia mganga wa miti, kama walivyokuwa wazazi wake. Ujuzi huo ulikuwa na historia katika ukoo. Babu yake, Babu Kalunde, aliishi wakati ambapo watu wa kijiji chake walishikwa na ugonjwa wa kuhara uliofanana na kuhara damu, nao wakafa wengi. Yasimuliwa katika ukoo huo kwamba Babu Kalunde alikuwa akimlea mtoto wa nungu ambaye mama yake ameuawa. Nungu yule akaugua, akaharisha damu, akalegea. Kisha akaenda mwenyewe porini, akachimba mzizi wa mmea uitwao mulengelele, akautafuna, akapona. Mzee akaustahi ushahidi wa mnyama. Akaujaribu mzizi ule juu ya nafsi yake kwanza, ndipo akawapa wagonjwa. Huo ndio utaratibu wa mtu mwaminifu: hakuanza na mtoto wa jirani.

Basi mwezi wa Novemba mwaka 1987, Mohamedi Seifu na mtafiti Michael Huffman walikuwa wakimfuata sokwe jike jina lake Chausiku. Siku ile hakuwa mzima. Alilala mara kwa mara, hakuwa na hamu ya chakula, mkojo wake ulikuwa mweusi, na choo chake kilikuwa kibaya. Akauendea mti wa mjonso, akavuta machipukizi yake, akayamenya gome, akayatupa majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu, kisha akatema makapi. Sokwe hawali mti huo kama chakula cha kila siku. Mtafiti akauliza ni mti gani ule, na Mohamedi akamjibu kuwa ni dawa yenye nguvu ya tumbo kwa watu wake. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu zake na hamu ya kula.

Mwanzo huo ulifungua mlango. Mwaka 1991 alionekana sokwe mwingine jike akifanya vivyo hivyo, na choo chake kikapimwa kabla na baada. Mayai ya minyoo yaliyokuwa 130 katika gramu moja yalishuka hadi 15 kwa muda wa saa 20. Kweli minyoo si vijidudu vya namna ya bakteria, lakini mti huo haukuishia hapo. Wataalamu wa Kyoto walipouchambua waliona vitu vichungu vya aina mbalimbali, na vingine vilionekana kudhoofisha kijidudu cha malaria na mnyoo wa kichocho. Mwaka 2006, huko Afrika Kusini, vitu viwili kutoka katika majani yake, vernolaidi na vernodaloli, vilijaribiwa vikazuia bakteria wa aina kadhaa.

Na hapa ndipo penye fundisho ambalo mwenye kuchuma majani kwa pupa hana budi kulitega sikio. Chausiku aliyatupa majani na gome. Wataalamu walipopima waliona kwamba kitu kimoja kikali kiitwacho vernodalini kimejaa katika majani na gome, na panya wa maabara waliopewa kwa wingi walikufa. Kiini cha ndani kina kidogo sana cha sumu hiyo. Sokwe hana kitabu, lakini alijua sehemu ipi ya mti itumike, na kwa kiasi gani. Watu wa Afrika ya Magharibi, ambao huyala majani hayo kama mboga, huyaosha na kuyafikicha mara nyingi mpaka uchungu umepungua, ndipo huyatia chunguni. Kwa hiyo si sahihi kusema tu kwamba umubirizi ni dawa. Sehemu ipi? Iliyotengenezwaje? Kiasi gani? Kwa mgonjwa yupi? Bila ya majibu ya maswali haya manne, jina la mti ni jina tu.

Yafaa kueleza kwa maneno machache jinsi maabara inavyojua kwamba mti unaua kijidudu, ili mtu asidanganywe na matangazo. Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji au spiriti, kisha huchujwa. Kijidudu hupandwa juu ya utando ulio kama jeli katika sahani ya kioo. Kijikaratasi kilichochovywa katika dawa huwekwa katikati, na sahani huachwa mahali penye joto usiku kucha. Asubuhi, ikiwa dawa ina nguvu, duara safi huonekana kuzunguka kijikaratasi, mahali ambapo kijidudu kimeshindwa kukua. Kisha dawa hupunguzwa nusu kwa nusu, mara nyingi, mpaka kijulikane kipimo cha chini kabisa ambacho bado chazuia. Kipimo kikiwa kidogo, dawa ina thamani. Kikiwa kikubwa mno, hata chumvi ya jikoni yaweza kufanya kazi hiyo.

Lakini sahani ya kioo si tumbo la mtu. Ndani ya sahani hamna ini la kuivunja dawa, wala damu ya kuizimua, wala moyo wa kudhurika. Neno hili si geni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika Qanun yake masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba dawa ijaribiwe juu ya ugonjwa mmoja ulio wazi, si maradhi yaliyochanganyika. Ni kwamba nguvu yake ionekane mara nyingi, isiwe kwa bahati. Na ni kwamba jaribio lifanywe juu ya mwili wa binadamu, kwa sababu kuijaribu juu ya simba au farasi hakuthibitishi kitu kwa mtu. Baada yake Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Málaga aliyefia Dameski mwaka 1248, aliandika kitabu cha dawa nyepesi na vyakula zipatazo 1,400. Asemaye kwamba kupima dawa za miti ni desturi ya Wazungu waliyoileta juzi, hajausoma urithi wake mwenyewe.

Namna ya kutengeneza nayo ina hukumu yake. Huko China, Ge Hong aliandika katika karne ya 4 kwamba mmea wa qinghao ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe kwa ajili ya homa. Watafiti wa karne ya 20 walipouchemsha, kama ilivyokuwa desturi kwa miti mingi, dawa haikuonekana. Bi Tu Youyou ndiye aliyetambua kwamba maandishi ya kale hayakutaja kuchemsha. Mwaka 1971 aliitoa dawa kwa joto la chini, nayo ikamshinda kijidudu cha malaria. Kutoka humo zikapatikana dawa za malaria zitolewazo leo katika vituo vya afya vya mwambao huu, na mwaka 2015 Bi Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo chai ya mmea huo si badala ya vidonge, kwani haina kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani haliikubali. Dawa pungufu humwacha kijidudu hai na kumfundisha vita.

Maneno hayo ya kumfundisha kijidudu vita si mzaha kwa watu wa Burundi. Kuanzia karibu na mwaka 1980, kuhara damu kwa aina mbaya kulienea mashariki mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Dawa zilizokuwa zikikiponya kijidudu hicho zilishindwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1994 madaktari walichapisha habari kutoka Burundi za kijidudu cha kuhara damu ambacho dawa zote za kumeza zilizokuwa zikitumika nchini hazikumweza. Fikirini hali ya mama aliyembeba mtoto hadi hospitali, akapewa dawa ya kweli na daktari wa kweli, nayo isifae. Kwa sababu ya balaa kama hilo, watafiti wa dunia nzima wamerudi kuyatazama majani ya wazee. Ngezahayo na wenzake walipoijaribu baadhi ya mimea ya Burundi, waliona jambo lenye matumaini: baadhi ya dawa zilizotolewa katika mimea hiyo, zikitiwa pamoja na dawa za hospitali katika sahani, zilizifanya dawa za hospitali zifanye kazi kwa kipimo kidogo zaidi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Ni matumaini ya sahani, hayajawa bado matumaini ya kitanda cha mgonjwa, na mtu mwadilifu huyataja kwa kiasi hicho.

Upande wa madhara, upo mfano wa Brussels, mji wenye madaktari na maduka ya dawa kila pembe. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba ili wapunguze unene walikuwa wameharibika figo. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umekosewa ukawekwa mwingine wa jamii ya Aristolokia. Walioathirika walizidi mia. Kosa la jani moja, basi.

Na sasa kipindupindu, maana hakuna awezaye kusema habari za maradhi mbele ya watu wa Rumonge akalinyamazia jina hilo. Mwaka 1992 mlipuko wake katika mji huu ulichunguzwa na wataalamu. Iligunduliwa kwamba walioyanywa maji ya ziwa na waliooga ndani yake ndio walioshikwa zaidi, na kijidudu chenyewe kikapatikana katika maji ya ziwa. Mgonjwa wa kipindupindu haui na kijidudu peke yake; auawa na ukavu. Maji na chumvi humtoka kwa kasi hata aweza kufa katika muda wa saa chache. Hapa hakuna jani la kungojewa lichemke. Akirudishiwa maji na chumvi kwa wakati, wanaokufa hupungua hata kuwa chini ya mmoja katika mia. Maji safi lita moja, sukari vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo: hayo hunyweshwa kidogo kidogo, bila ya kukoma, huku mgonjwa akipelekwa kituoni. Mganga anayejua haya na kumpeleka mgonjwa upesi hajapunguza heshima yake hata kidogo. Yule amwekaye siku nzima chini ya kivuli akimpa mizizi, hata ikiwa mizizi hiyo yaua bakteria katika sahani zote za Ulaya, amemnyima dawa iliyo karibu.

Limebaki jambo la siri. Waganga wengi huficha miti yao, na si haki kuwalaumu haraka. Wengine wameona mgeni akija na daftari, akachuma, akaondoka, wala jina la mzee halikusikika tena. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2014, uliwekwa ili nchi na wenyeji wapate sehemu ya faida itokanayo na mimea yao na elimu yao juu ya mimea hiyo. Utekelezaji wake ni mzito, lakini msingi ni sahihi. Na Mahale patoa mfano ulio mwema kuliko karatasi za mikataba: habari za Chausiku zilipochapishwa mwaka 1989, hazikuchapishwa kwa jina la mtafiti peke yake. Jina la Mohamedi Seifu liliandikwa kando ya jina la Huffman, kama mwandishi mwenzake. Siri ya ukoo wa Kalunde ilitoka, na jina la ukoo likatoka pamoja nayo.

Kwa upande huu wa ziwa, misitu yenyewe imepungua. Michikichi imechukua sehemu kubwa ya nchi tambarare, na mabaki kama msitu wa Kigwena na hifadhi ya Vyanda ni madogo. Wazee wanaoijua miti kwa gome lake, hata isipokuwa na jani, nao wapungua mwaka hata mwaka. Vijana wa madrasa na wa shule wanajua kuandika, na wazee wanajua la kuandikwa. Karatasi moja kwa kila mti yatosha kwa kuanzia: jina la mti kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kibembe au Kibwari likiwapo, mahali unapoota, sehemu itumikayo, kama ni jani, gome, kiini au mzizi, umechumwa mwezi gani, umelowekwa au umechemshwa, na kwa maji kiasi gani, mgonjwa aliyepewa alikuwa na umri gani, na aliumwa nini, alipona, hakupona, au alizidiwa, tawi lililokaushwa katikati ya magazeti, libandikwe nyuma, na chini kabisa, kwa herufi zisomekazo, jina la mzee aliyesema, na la baba yake.